Dakika Arobaini

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu, na natumaini zinakukuta mzima, masomo yanasonga na kile kikohozi ulichokitaja kimekuachia. Mimi sijambo. Barua yako ya mwezi uliopita niliipata, na nimeona ulivyonisema kwamba ninaandika kama mtu anayejaza fomu. Basi leo nitakuchosha.

Nianze na kazini. Jumatatu ya wiki iliyopita mwenzangu alikaribia kupoteza kazi. Ni yule Mama Nyaya, tunayemwita hivyo kwa sababu kila waya unaopita juu ya dari za hospitali hii aliuvuta yeye. Mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi huu, ana watoto wawili shuleni, na bosi alikuwa bado hajausaini mpya.

Tuna mashine tunayoiita seva ya majina. Inaendeshwa kwa Linux, inakaa peke yake katika chumba kilichofungwa jengo la pili, na kazi yake ni kuziambia kompyuta nyingine kwamba jina fulani liko kwenye anwani fulani. Hatuendi kuigusa. Tunaiamuru kwa mbali kupitia mlango wake namba 953, kwa ufunguo wa siri, na kompyuta yangu ndiyo pekee inayoruhusiwa kubisha hapo. Najua umeshaanza kupiga miayo, lakini usiruke mistari.

Asubuhi hiyo nilimkuta muuguzi mkuu amesimama mlangoni kwetu, mikono kiunoni. Alisema maabara imehamishiwa anwani mpya na sasa wodi zote hazioni majibu ya vipimo. Anwani yenyewe ilikuwa imeshaandikwa tangu Ijumaa. Kilichobaki ni kuiamuru seva isome orodha yake upya. Nikaketi, nikatuma amri. Seva ikanikatia mawasiliano, na kwenye skrini ikabaki orodha ya sababu: huenda siruhusiwi, huenda toleo ni la zamani, huenda saa za mashine mbili hazilingani, huenda ufunguo si wenyewe.

Mama Nyaya akavuta kiti. Tulipima kama mlango uko wazi, tukakuta uko wazi. Akatoa kabatini bahasha yenye nakala ya ufunguo, akawa anasoma herufi mojamoja nami nafuatisha, na haikupungua hata moja. Tukapitia mara mbili kanuni za ulinzi, zile zinazoamua kompyuta ipi iruhusiwe kuifikia seva, alizozibadilisha mwenyewe Ijumaa. Wakati huo wahudumu walikuwa wanapanda na kushuka ngazi na majibu ya karatasi mkononi. Baada ya saa mbili nzima aliomba funguo za chumba, akaenda jengo la pili kuishughulikia seva ana kwa ana.

Alipofika aliikuta imeshatii. Wodi zikaanza kupata majibu, na bosi akapiga hesabu yake ya haraka: kanuni alizibadilisha yeye, na tatizo limekwisha akiwa yeye chumbani, kwa hiyo amelirekebisha kosa lake kimyakimya. Mama Nyaya alikataa katakata. Bosi alimwambia asijisumbue kusubiri mkataba.

Sasa nikwambie nilichofanya mimi. Mahudhurio yetu yanaandikwa na kompyuta: ukiingiza nywila asubuhi, saa ya mashine yako ndiyo inayokwenda ofisi ya utumishi. Kwa miezi saba, kila jioni kabla ya kutoka, nimekuwa nikiirudisha saa yangu nyuma dakika arobaini. Asubuhi nikishaingia, nairekebisha. Jumatatu ile muuguzi alinipokea kwa kelele, nikasahau. Seva hiyo, ukipishana nayo kwa zaidi ya dakika tano, haikusikilizi.

Niliposoma ile orodha nilijua papo hapo. Lakini Mama Nyaya alikuwa ameketi bega kwa bega nami, basi nikalisogeza dirisha la kazi lifunike saa ya pembeni, nikamwacha asome herufi za ufunguo. Alipotoka tu nikaisahihisha saa na kutuma amri. Ilichukua sekunde chache. Nimeona aibu, Dada, na bado ninaiona.

Nilikaa nayo siku tatu. Alhamisi nikachapisha kumbukumbu za seva, ambazo zinasema wazi kwamba saa hazikulingana, nikampelekea bosi. Mkataba wa Mama Nyaya aliusaini mbele yangu. Ufunguo wa seva sasa anao yeye, mimi nina barua ya onyo. Kiti chake amekihamishia upande wa pili wa chumba, na salamu ananijibu kwa ufupi.

Bosi aliniuliza kwa nini sikuomba ruhusa ya kuchelewa. Nilimweleza nyumbani kukoje. Akauliza kama ndugu zangu wanajua. Ndiyo maana nakuandikia.

Dada, Baba alipata kiharusi miezi saba iliyopita. Upande wake wa kulia haufanyi kazi. Asubuhi namwogesha, namvisha, namlisha, halafu nasubiri jirani aje kukaa naye, na jirani hawezi kufika kabla ya saa mbili. Baba alinikataza kukuambia, alihofu utaacha masomo. Kila ulipopiga simu nilikuambia amelala. Nilikudanganya, tena bila kigugumizi.

Hajui kwamba nakuandikia, na atanikasirikia. Jumapili ukipiga, sema unamtaka yeye, nami nitamshikia simu sikioni. Atachelewa kujibu, na utakachosikia mwanzoni hakitakuwa maneno. Usikate.

Jirani anakusalimu sana, nawe nisalimie wote unaokaa nao.

Ni mimi mdogo wako,
wa mwisho kuzaliwa.