Magurudumu Makubwa ya Oketcho

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tangu alfajiri. Nimekaza spoki za baiskeli mbili na kubadilisha mnyororo wa mama mmoja anayevusha mitumba mpakani. Grisi hadi viwikoni. Wanaume wawili walisimama wakinitazama, kisha wakauliza fundi yuko wapi. Kila wiki hawakosi wa namna hiyo. Wananichefua.

Kocha Barasa amepiga simu kutoka upande wa Kenya. Baiskeli za kurukia mawe zimefika. Za kweli, zisizo na kiti, si hizi zetu za kuungaunga. Ziko mbili. Moja ina magurudumu madogo, inchi ishirini. Nyingine makubwa, inchi ishirini na sita. Moja yangu, moja ya mwenzangu Oketcho. Tuamue wenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Nimempata Oketcho kwa simu. Yuko kwao Iyolwa anapanda karanga, wiki hii hatoki. Ilibidi apande kichuguu ndio apate mtandao.

"Dada Nafula, chagulia mimi. Wewe najua hii vitu. Mi nakuamini."

Miaka sita tunaruka mawe pamoja. Hajawahi kunidanganya.

Jumamosi, 8 Machi
Nimevuka kwenda kwa kocha kuzijaribu. Ile ndogo ilinikaa kama gauni la kupimwa. Mimi ni mfupi. Nilisimama kwa gurudumu la nyuma, nikaruka tofali baada ya tofali, mguu haukugusa chini. Ile kubwa inapita juu ya jiwe kwa urahisi, lakini usukani unanifika kifuani, na nikigeuka inanivuta. Inataka mtu mrefu. Oketcho huinama akipita mlangoni.

Wauza ndizi wa pale nje walinicheka nikiwa juu ya ile ndogo. Mwanamke mzima, baiskeli ya mtoto. Mmoja akauliza kama nimemnyang'anya mwanangu. Sina mtoto. Anajua.

Nikamwambia kocha nachukua kubwa. Oketcho ameomba ndogo, nikasema.

Limetoka hivyohivyo. Kocha akaandika.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Nimeosha baiskeli isiyo na tope. Watu walisimama kuitazama, nikafurahi kwa muda wa saa moja hivi. Baada ya hapo kinyaa. Nimeifunika kwa gunia.

Alhamisi, 13 Machi
Oketcho amekuja kwangu kuchukua yake, ile ndogo niliyomletea kutoka kwa kocha. Nikamwambia kwamba kocha ndiye aliyeamua. Uongo wa pili. Huu ulitoka laini kuliko wa kwanza, na hilo ndilo linalonikirihi zaidi.

Alipanda. Mgongo ukakunjika kama mtu anayetafuta sindano chini. Akashuka, akasema kocha anajua kazi yake, atazoea. Akanishukuru. Alikuwa ameniletea karanga, alizopunguza kwenye mbegu zake. Nimeshindwa kuzila. Nimempa jirani.

Jumamosi, 15 Machi
Mazoezi Tororo, kwenye mawe chini ya mwamba. Oketcho aliteseka tangu jiwe la kwanza. Kocha akapoteza subira.

"Mbona umejikunja hivyo? Si wewe uliyeiomba hii ndogo?"

Oketcho akanigeukia. Akanitazama mimi, si kocha. Nikainama kukaza skrubu ambayo haikulegea.

Akaliendea lile jiwe refu, ambalo hatujawahi kulijaribu na baiskeli yoyote. Karibu na kilele kuna ufa. Gurudumu dogo likazama ndani yake, naye akapita juu ya usukani. Kubwa lingeuvuka. Nilijua hivyo akiwa bado hewani.

Mkono wa kulia.

Jumapili, 16 Machi
Umevunjika chini kidogo ya kiwiko. Amefungwa plasta. Nusu ya shamba lake haijapandwa, na mvua haisubiri mtu.

Nimemweleza kocha yote. Hakunigombeza. Alisema niende nikamwambie Oketcho mwenyewe, kwake yeye kocha sina la kufuata. Akaingia ndani akaniacha uani.

Jumanne, 18 Machi
Iyolwa. Nimeendesha ile kubwa njia nzima. Mama Owor, mke wa Oketcho, alinipokea vizuri, akanipa kigoda na chai. Hakuwa akijua kitu. Nikasema yote mbele yao wawili.

"Mimi nilijua pale kwa jiwe," Oketcho akasema. "Sababu ndio sijui. Ulikuwa nataka nini?"

Nikasema walinicheka.

"Nani?"

Watu wa ndizi, nikasema. Nilisikia jinsi neno hilo lilivyo dogo.

Mama Owor akainuka, akaniondolea kikombe mkononi, akaimwaga chai uani. Ana haki. Nikaomba jembe nimalizie kupanda. Mama Owor ndiye aliyelileta, akalitupa miguuni pangu.

Ijumaa, 21 Machi
Siku ya tatu shambani. Nalala kwa shangazi yangu, mwendo wa nusu saa. Malengelenge yamepasuka. Hakuna anayenisemesha.

Leo mchana nilijikuta nikiinua kichwa kuangalia kama wananiona nikifanya kazi. Hata hapa nataka kusifiwa. Mtu wa ovyo kabisa.

Jumamosi, 22 Machi
Nimemaliza kupanda. Nimeaga. Baiskeli kubwa nimeiacha imeegemea ukuta wao. Nimerudi na ile ndogo, rimu imepinda.

Jumapili, 30 Machi
Nimerudi Iyolwa kupalilia. Sikuitwa. Karanga zimechipua, si zote.

Karibu saa nne Oketcho alikuja, mkono umening'inia kwenye kitambaa. Alitembea polepole katikati ya shamba.

"Hii mstari imepinda," akasema.

Nikasema nimeuona.

Akaketi ukingoni, miguu ameinyoosha. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nikaendelea kupalilia. Alikuwa bado amekaa pale nilipofika mwisho wa mstari na kuanza mwingine.