Sanduku la Kupandia Ndege

Rahaleo, Mtwara
12 Machi 1969

Mume wangu Domingo,

Huku mvua imekaza na muhogo umeshika vizuri.

Barabara imekatika, ndiyo maana ukaniandikia ninunue sanduku dogo, jepesi na imara, niingie nalo ndegeni nije kwako Dar es Salaam. Nimezunguka maduka siku mbili. La bati lilinikata mkono, la ngozi lilikuwa zito hata kabla ya kutiwa kitu. Nikachagua la turubai. Mwenye duka alilibwaga sakafuni mara tatu, halikufunguka wala kuchanika.

“Utazeeka nalo, mama,” akaniambia.

Nikapanga gauni zangu mbili na lile shati lako ninalolilalia. Mama yangu akauliza, “Francisca, kumekucha?”

Ilikuwa saa sita mchana, Domingo. Macho yake yamekwisha, na tangu tulipovuka naye Ruvuma pale Kilambo kukimbia vita, hana mwingine ila mimi.

Nimezitoa gauni. Shati nalo nimelitoa, hilo sikupi mpaka uje. Ndugu yako Jasinto anapanda ndege Jumatano ijayo, atakuletea sanduku. Ni jepesi, halitakuchosha. Tia nguo zako, urudi.

Mkeo anayekungoja,
Francisca