Weupe wa Mashuka ya Gesti

Jumatatu, 3 Machi

Semina ya ujasiriamali. Ukumbi umejaa, feni haizunguki. Mhamasishaji kavaa viatu vyenye ncha kama mdomo wa ndege, anapiga kelele mpaka mate yanatufikia sisi wa mbele. Eti mjasiriamali wa kweli hufanya lile ambalo wengine wanaona haya kulifanya. Tukapiga makofi! Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikapiga kuliko wote.

Nimerudi kwangu, kwenye chumba cha kufulia. Mashine mbili. Moja inanguruma, nyingine haina nguo. Mdogo wangu Chapuchapu yuko mtaa wa pili, hana mashine, ana mabeseni tu na kamba uani, na wateja wananipita mlangoni wanakwenda kwake. Hata mashuka ya ile gesti kubwa ya barabarani anafua yeye. Na kazi nilimfundisha mimi!

Ni kitinda mimba wetu. Jina hilo alimpa marehemu baba, maana kutembea hakujua, alijua kukimbia.

Nimekaa na hasira mchana kutwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya. Niandike tu, hakuna wa kumwambia.

Nilipita saluni kwa Msusi. Huyo ukitaka neno lifike mtaa mzima, unamwambia asimwambie mtu. Akauliza, dada yako hajambo? Nikashusha pumzi. Hajambo, ila ile kazi ya mochwari itamuua. Kazi gani ya mochwari? Aa, basi, nikasema, mimi sijasema kitu. Nasikia tu anachukua mashuka ya kule, anayafulia kwenye mabeseni yale yale. Tafadhali, usimwambie mtu!

Mikono ya Msusi ikasimama juu ya kichwa cha mteja.

Hakuna mochwari. Chapuchapu hajawahi kufua hata kitambaa cha kule.

Nikaondoka napiga mluzi. Mluzi!

Jumatano, 12 Machi

Haikufika hata wiki. Meneja wa gesti kaja mwenyewe, manukato yametangulia, yeye nyuma. Kasema hawezi kulaza wageni juu ya sanda. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Nikamwambia, yule ni ndugu yangu, mama, usinitie katikati. Akaniambia mimi ni mtu wa heshima! Kuanzia kesho mashuka yote yanakuja kwangu.

Mke wangu kaimba jikoni. Mimi chakula kimenishinda.

Uongo. Nilikula, nikaongeza.

Alhamisi, 20 Machi

Mashine moja imekufa. Marobota ya mashuka yamefika mlangoni. Fundi anasema kifaa chake hakipatikani karibu. Meneja anapiga simu, naikata. Sasa nani ana mikono na mabeseni na kamba, na hana kazi? Nilijua ninakokwenda kabla sijafunga mlango.

Nilimkuta kakaa juu ya beseni kalipindua, anawakata watoto kucha. Sijawahi kumwona Chapuchapu amekaa saa hizo. Nikamwambia nina kazi imenizidi, nitampa nusu ya bei yangu. Akaruka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kaka, umebaki wewe tu! Watu wananikwepa kama nina ukoma, salamu wananirushia toka ng'ambo ya barabara. Kuna shetani kanizushia. Binti yake mkubwa akadakia: mjomba atamjua, mjomba si anajua watu wote!

Nikasema nitaulizauliza.

Nitaulizauliza! Mdomo huu unanuka.

Jumamosi, 22 Machi

Chapuchapu kayaleta mashuka. Meupe mpaka macho yanauma. Katua robota mezani, kacheka. Kaka, ulidhani sitayajua? Hili lenye kiraka pembeni nilishona mimi mwenyewe. Haya ya gesti.

Nikangoja matusi. Akasema heri yameangukia kwako kuliko kwa mtu baki. Akamgeukia mke wangu: wifi, mlishe huyu, mbona kakonda mwili mzima tumbo limekataa? Wakacheka mpaka wakashikana. Mimi nikaenda nyuma ya mashine mbovu, nikajifanya natafuta kitu.

Jioni Meneja kalipitisha shavuni shuka lile lile lenye kiraka. Huu ndio weupe, akasema. Kwa dada yako hatukuupata huu!

Nikasema asante.

Jumatatu, 31 Machi

Mhamasishaji kaniita nikatoe ushuhuda kwa kundi jipya. Eti mfano wa kuigwa. Nikawaambia kuamka mapema. Kumcha Mungu. Kutokata tamaa. Wanaitikia kama kanisani.

Mama mmoja muuza mkaa, vidole vyeusi, kasimama. Na wateja wakikupita tu, wanakwenda kwa mwenzako, unafanyaje? Jibu nilikuwa nalo lote, limenijaa mdomoni. Nikasema: unatabasamu!

Kakaa chini anatabasamu. Anajifunza, maskini.

Nimeoga mara mbili. Bado najinusa.

Jumatano, 9 Aprili

Gesti wanataka mkataba wa mwaka mzima. Lakini mwenye gesti mwenyewe, tajiri anayeishi mbali, kasema kwanza aone kwa macho yake mashuka yanafuliwa wapi. Anakuja keshokutwa. Mashine haijapona. Kila shuka linafuliwa uani kwa Chapuchapu! Tajiri hamjui Chapuchapu kwa sura. Jina analijua — lile lililochafuliwa na mochwari.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Nikisema, mdogo wangu anarudishiwa heshima yake na mimi nimekwisha. Nikinyamaza, nimemla mzima.

Mke wangu ana dawa. Useme ni tawi lako. Wifi mvalishe fulana ya kampuni, nimeshachapisha. Nikamwambia hujui unachosema, kuna jambo hulijui. Akaendelea kukunja fulana. Hakuinua hata macho.

Baba watoto, akasema, Msusi ananisuka mimi pia.

Alijua. Tangu siku ile anaimba jikoni, alijua. Tumelala migongo imeangaliana.

Ijumaa, 11 Aprili

Niko kwa Chapuchapu, ndani, naandikia juu ya meza ya kupigia pasi. Tajiri kapiga simu, yuko njiani.

Leo nilikuja kusema. Neno nilikuwa nalo tayari: ni mimi. Nikaanza vizuri, mdogo wangu, ile habari ya mochwari... Akanikata. Achana nayo, kaka. Sitaki hata kumjua huyo mtu. Nikimjua nitamlaani, yeye na watoto wake, na mimi sitaki kulaani watoto wa watu.

Watoto wangu! Nikamnyooshea fulana, nikamweleza habari ya tawi.

Kaichukua fulana mkononi mwangu, kaivaa juu ya gauni. Imembana. SAFI KABISA mgongo mzima, jina la biashara yangu. Kajizungusha. Wanawe wanapiga makofi, mama amekuwa kampuni! Kaniuliza mbona unatoka jasho hivyo, nikupe maji? Kanipa maji. Nimekunywa.

Sasa kakumbuka kibao chake. Kiko juu ya mlango wa mbele, rangi ya bluu, KWA CHAPUCHAPU, herufi zimepinda kidogo. Alikichora marehemu mumewe. Tajiri akikiona si utaumbuka, kasema, ngoja nikishushe. Nikamwambia kiache. Kanicheka. Kiache kwa nini, kaka, kibao kinatulisha ugali?

Kaazima ngazi kwa jirani. Naisikia inagonga ukuta. Halafu nyundo, anatafuta msumari. Kuna gari limepunguza mwendo nje, sijui ni la Tajiri au linapita. Ananiita. Kaka, toka basi unishikie, hii ngazi inacheza! Naweka kalamu, nakwenda kumshikia.