Gari Linaloshuka Mlima Likishiba

Nyumbani, nyuma ya kituo cha teksi
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Habari za huko ugenini? Na baridi je, imeuachia huo mgongo? Wifi na watoto hawajambo? Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua ila mdomo mzima, anauliza kama kalamu za huko ni ghali.

Kaka, mwenzio nimeona mambo! Tajiri mmoja mwenye teksi za umeme hapa kituoni kanipa moja niijaribu wiki nzima, nikiipenda aniuzie kwa awamu. Tangu Jumatatu nimebaki mdomo wazi. Siku ya kwanza nilikaa nangoja gari liwake, kumbe limeshawaka zamani, abiria yuko nyuma ananishangaa tu.

Unakumbuka marehemu baba alivyotufundisha kushuka mlima wa hospitali kwa free, gia tumeitoa, tuokoe mafuta? Basi nami nikaliweka free, najiona mjanja. Nilipomsimulia tajiri, alicheka mpaka akashika mbavu. "Dada, liache kwenye gia, toa mguu tu. Likishuka linajichaji lenyewe." Nikamwona mwongo. Kesho yake nikatoa mguu pale juu, jicho kwenye dashibodi, na chaji ikapanda! Haki ya Mungu, kaka, ilipanda! Nilipofika bondeni nikageuza nikapanda tena, nishuke nihakikishe. Abiria sikuwa naye, usinicheke.

Sasa njoo kwenye gharama. Gari la baba ninalofanyia teksi unalijua linavyobugia. Nikitoka alfajiri, hadi adhuhuri nalitafutia petroli tu. Changu huanza mchana, na hapo bado oili, plagi, na fundi anayeniita mteja wake mpenzi. Hili nalichomeka nikienda kulala, na abiria wawili watatu wa asubuhi wameshalipia umeme wa kutwa. Oili ya injini halina habari nayo. Nilimpa mama arudie hesabu, maana yeye haibiwi hata senti sokoni, naye akanyamaza. Mama, kunyamaza!

Ubaya wake sikufichi. Bei yake inatisha, betri ikifa ni msiba, na umeme ukikatika usiku, asubuhi mnabaki mnatazamana. Kianzio sina, ila gari la baba. Ni letu sote wawili, na najua unavyolipenda, ndilo ulilojifunzia ukabomoa geti la jirani. Bila neno lako siliuzi.

Ila nikwambie la Ijumaa. Nilipata hesabu yangu ya siku jua lingali juu, nikarudi nyumbani. Kitinda mimba wangu alikuwa anacheza mlangoni. Aliponiona hakunikimbilia. Alisimama, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Pole mama. Leo limeharibikia wapi?"

Kaka, nilikaa palepale kizingitini nikalia. Mtoto huyu hajapata kuniona mchana ila siku gari liko kwa fundi. Naomba uniruhusu tuliuze. Tajiri ananingojea hadi mwisho wa mwezi.

Msalimie sana wifi, wabusu wanangu mmoja mmoja, na yule mkubwa mwambie shangazi hajasahau zawadi yake. Mungu akufunike huko uliko, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukikataa,

Dada Dereva