Siku Niliyonuna Kwenye Treni ya Zambia

Jumapili, mwezi wa kumi. Shinyanga. Joto la kupasua kichwa, mvua bado, na upepo ukija unaleta vumbi tu.

Leo sikutaka kuandika. Lakini nisipoandika sitatulia.

Mama naishi naye hapa mjini tangu nilipomtoa kijijini kwetu Samuye, alipozeeka. Mchana tulikuwa kivulini nyuma ya nyumba, yeye akimenya karanga, mara akaanza habari za treni. Zaidi ya miaka arobaini hajaigusa habari hiyo, nami sijawahi kumuuliza.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, nina miaka tisa. Baba alianzia kwenye dhahabu, Geita. Kazi ilipokwisha akawafuata wenzake Zambia, kwenye migodi ya shaba. Kila likizo alikuja na mablanketi, na mara moja redio. Mwaka ule hakuja. Ikaja telegramu kwamba anaumwa sana, mkewe afike haraka.

Tukaondoka watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu Masele wa miaka minne. Treni hadi Dar, kisha nyingine ya kwenda Zambia. Mama alimbeba Masele, na furushi kichwani. Mimi nilifungiwa mgongoni mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, maana Baba alivipenda. Nakiri nilifurahia safari ile. Kila stesheni ilikuwa sikukuu kwangu, na Mama alikuwa haongei.

Siku ya mwisho kabla ya mpaka, behewa lilikuwa tanuri. Maji yetu yalikuwa ndani ya kidumu kimoja. Mama aliposinzia niliyanywa yote. Masele akaamka analia kiu, Mama akatikisa kidumu, akanizaba kofi mbele ya abiria wote.

Nikanuna. Wanaonijua wanajua mimi nikinuna huwa nanuna kwelikweli.

Ndipo ofisa wa mpakani akaingia. Akachukua barua ya mwenyekiti wetu wa kijiji, akamuuliza Mama jina la mumewe.

“Baba Kabula,” Mama akasema. Kabula ni mimi.

“Jina lake mwenyewe.”

“Maganga.”

“Maganga nani?”

Mama akanyamaza. Jina la pili la Baba lilikuwa la babu, na kwetu Wasukuma mwanamke halitaji jina la mkwewe. Halitaji hata akiwa peke yake shambani. Tangu aolewe alikuwa hajalitamka, na Kiswahili chake kidogo hakikutosha kumweleza yule ofisa. Wala ofisa hakuwa mtu mbaya. Aliona mwanamke anavusha watoto wawili, na huyo anayemwita mume hamjui jina. Akanigeukia.

“Binti, babu yako anaitwa nani?”

Mimi mjukuu nilikuwa na ruhusa. Machibya. Nilikuwa namwita hivyo usoni kwake, namtania, naye ananiita mke wake. Mama akanitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba. Shavu lilikuwa bado linaniwasha. Nikageukia dirishani.

Nilinyamaza makusudi.

Tukashushwa na mizigo yetu. Treni nyingine ilipita baada ya siku tatu, na safari hiyo tulipata abiria Msukuma aliyemweleza ofisa mambo yetu. Tulifika mgodini siku moja baada ya Baba kuzikwa. Wenzake walisema kila asubuhi alikuwa akiuliza kama treni imefika. Michembe yake waliila wao, kwa sababu Mama hakutaka kurudi nayo.

Leo Mama amesema, mikono bado iko kwenye karanga: “Ng'wanone, mwanangu, wewe ulikuwa mtoto, uliogopa. Mimi mtu mzima ningelitaja tu lile jina. Mkwe angenisamehe. Baba yako amekufa anatungoja kwa sababu ya mdomo wangu.”

Kisha akalia. Sikuwahi kumwona analia, hata pale kaburini.

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, jamani, nafasi nzima. Nikasema karanga zinatosha, nikaingia ndani kuchemsha chai. Bibi mzima na wajukuu wangu, nimekimbilia jikoni.

Siku zote nilijiambia namficha asije akanichukia. Sikujua kwamba muda wote huo alikuwa akijichukia mwenyewe kwa kosa langu. Inaniuma, inaniuma sana.

Mama hajui kusoma. Nikiandika hapa na kunyamaza nyumbani, nitakuwa nimetubu kwa dunia nzima isipokuwa kwake. Namsikia huko nje anasogeza kigoda kufuata kivuli. Naenda. Haya maneno hayatoki hapa mpaka nimwambie kwa mdomo wangu, kwa hiyo wewe ukiyasoma, ujue Mama ameshajua.