Gurudumu la Kushoto

Baba Mwajuma,

Hali yako sikuulizi, aijuaye ni Mwenyezi Mungu. Yetu ndiyo nataka uijue. Mwajuma mzima, Saidi mzima, mama yako mzima ila goti. Mimi nipo ndani, eda bado, na nakuandikia hapa karibu na dirisha kwa sababu chumba hiki bila wewe nakiogopa hata mchana.

Leo asubuhi mama yako na ndugu wamekwenda kwenu Kisarawe kukusomea arobaini yako. Wamekwenda na gari lako, na Mwajuma yumo. Nimemfunga ushungi kwa mkono wangu, nikambusu, na tangu mlio wa gari ulipopotea kule Msimbazi sijaweza kutulia. Saidi anavuta ziwa, halitoki kitu, analia. Hofu imeyakausha maziwa. Basi nimechukua kalamu, maana ni wewe tu ninayeweza kukueleza jambo hili bila kuambiwa kuwa msiba umeniingia kichwani.

Mdogo wako Athumani ndiye dereva sasa. Ulimwacha utingo, leo anashika usukani, anabeba magunia kutoka bandarini kuleta kwenye maduka ya hapa Kariakoo. Mimi gari silioni, mwenye eda hakai kutazama barabara. Lakini nalisikia. Na juzijuzi nikalisikia linavuma, mvumo wa chini, kama nyuki waliofungiwa mtungini. Likienda mbio mvumo unapanda, likipunguza nao unashuka. Likikata kona kulia kuingia mtaani kwetu, unazidi. Likikata kushoto kwenda Gerezani, unanyamaza kabisa. Nikakaa na Saidi mapajani nikakukumbuka umelala chini ya gari pale mlangoni, miguu tu ndiyo inaonekana, unaniambia kwamba gari likipinda kulia uzito wote hulalia kushoto, na beringi iliyochoka ndani ya gurudumu hulia pale inapolemewa.

Jana nikamwambia Athumani nikiwa nyuma ya pazia. Nikamwambia gurudumu la mbele la kushoto, beringi imekwisha. Akacheka. Akasema hiyo ni tairi mpya, tairi mpya zina kelele. Halafu akaniambia, kwa kujisifu, kwamba kweli wiki iliyopita gurudumu lile lilikuwa linacheza kidogo akilishika juu na chini na kulitikisa, lakini ameshalitibu. Ameikaza nati ya katikati mpaka spana ikakataa, na sasa halichezi hata kidogo.

Mume wangu, nilipokuwa na mimba ya Saidi, nakushikia kopo la grisi, uliniambia nini? Kwamba nati ile si ya kukazwa kama nati za tairi. Beringi iliyolegea ukiibana hujaiponya, umeinyima pumzi. Itapata moto, itaungua, na siku moja gurudumu litashika ghafla au litang'oka liende zake. Na Athumani alikuwa anajiandaa kushuka nalo vilima vya Pugu, nyuma amepakia mama yako na mwanangu.

Nikasema mtoto hapandi.

Mama yako hakupenda. Alisimama mlangoni akaniambia taratibu, kwa ile sauti yake unayoijua, kwamba mtoto wa marehemu hakosi arobaini ya baba yake kwa ajili ya tairi, na kwamba sauti ya mwenye eda haivuki kizingiti. Watu wa Kisarawe awaambie nini? Mimi namheshimu mama yako, unajua. Sijawahi kumjibu. Jana nilimjibu.

"Mama, mwanao nimemlilia humu ndani. Mjukuu wako sitamlilia humu humu."

Alinitazama mpaka nikaogopa nimekosa adabu. Kisha akageuka, akamwita Athumani, akamwambia alilete gari dirishani, mkwe wake atoe wasiwasi watu wasafiri.

Basi likaletwa, gurudumu la kushoto likaja karibu na ukuta wetu. Athumani akapiga jeki. Kutoka nje siwezi, na yeye kusikia alisema hasikii kitu. Wewe ulikuwa unaninyang'anya mwiko wa ugali, unasimika kichwa chake kwenye chuma na mpini kwenye sikio. Lakini kutoka dirishani mpaka gurudumuni mwiko haufiki. Nikang'oa mti mmoja wa chandarua, nikaupitisha katikati ya nondo za dirisha, nikamwambia Athumani ashike ncha ile kwenye chuma cha nyuma ya gurudumu na kwa mkono mwingine azungushe. Mpita njia mmoja akauliza kama siku hizi kwa marehemu wanavua samaki dirishani. Athumani akamjibu kwamba shemeji yake anapiga ramli ya magari. Watu wakacheka. Mimi nimebandika sikio kwenye mti, macho nimefumba.

Nilisikia kama mtu anayetafuna mchele wenye mawe.

Nikamsukumia mti wote nje, nikamwambia asikilize yeye mwenyewe. Kwa kuwa mikono haikumtosha, mama yako ndiye aliyezungusha gurudumu, na kanga yake na goti lake. Athumani akasikiliza. Akaenda kutafuta spana.

Ilipofunguliwa, grisi yote ilikuwa imekuwa nyeusi, inanuka kuungua. Akaosha beringi kwa mafuta ya taa akanipitishia dirishani. Vile vigololi vyake vilikuwa na vishimo kama uso wa mgonjwa wa ndui, na vingine vimegeuka rangi ya samawati kwa moto. Nikamrudishia.

Alikwenda dukani kwa Mhindi wa vipuri akarudi na mpya, kubwa ya ndani na ndogo ya nje. Lakini kile kikombe ambacho beringi huzungukia alitaka kukiacha cha zamani, kwa kuwa kimeng'ang'ania ndani ya chuma na jua linakwenda. Nikamwambia anisogezee gurudumu karibu. Nikanyoosha mkono nje ya nondo, mkono tu, nikapitisha ukucha ndani ya kikombe. Ukucha ukakwama, ukakwama tena. Beringi na kikombe chake ni mume na mke, Baba Mwajuma, ulikuwa unasema hivyo. Mmoja akiharibika ukamwoza mwingine mpya, wote watakufa. Nilimwambia hivyo. Akaguna, akakitoa, akigonga huku kidogo na huku kidogo ili kisipinde, akaingiza kipya.

Grisi alitaka kupaka juujuu kama siagi. Nikamwambia aweke kiganjani aisindilie, mpaka itokeze upande wa pili. Nati aikaze huku anazungusha gurudumu, kisha airudishe nyuma kidogo, ipumue. Halafu pini ya kuizuia nati isifunguke, na pini iwe mpya. Nilimwuliza habari ya pini mpaka akanichoka. Akasema, "Shemeji, kaka alikuwa na subira sana kukuoa wewe." Nikacheka, mara ya kwanza tangu uondoke, nikajifunika uso kwa kanga nisionekane.

Gari lilipoondoka leo halikuvuma. Nililisikiliza mpaka likaisha. Lakini hofu haijui beringi mpya wala ya zamani. Nilimwambia Athumani akifika Pugu asimame aguse kile chuma cha katikati ya gurudumu; kikiwa cha moto, warudi kwa miguu. Akaitikia, kuitikia kwa kijana mwenye haraka. Ndiyo maana tangu asubuhi nasikia kila gari linalopita, na kila mtoto anayelia barabarani ni wangu.

Niliacha kuandika, sasa narudi. Wamefika. Wamefika wote. Mwajuma amelala na ubwabwa wa khitima mkononi. Athumani hakusimama Pugu, alitaka kupitiliza. Mama yako ndiye aliyepiga bodi kwa ngumi mpaka akasimama, akashuka na goti lake, akaweka kiganja kwenye gurudumu mbele ya watu. Ameingia hapa sasa hivi, vumbi tupu, akakaa kitandani kwetu, akanishika shavu kwa kiganja kile kile chenye grisi. Akasema, "Joto lake hivi tu, mwanangu. Kama la mtu mzima wa afya."

Saidi ananyonya. Yanatoka.

Lala salama, mume wangu. Gurudumu la kulia halijafunguliwa, na Athumani anasema halina neno. Siku nitakayotoka eda, nitakwenda kaburini kwako kwanza, kisha nitapiga jeki upande ule, nilishike kwa mikono yangu mwenyewe.

Mkeo,
Mama Mwajuma