Mlima wa Dilli

Buffalo, Jumapili, 8 Novemba 2015

Afadhali ningenyamaza.

Baada ya ibada niliomba kikundi cha maombi kituombee safari ya Januari, mimi na Dilli, Mnepali ninayefanya naye kazi kiwandani Tonawanda. Mwanawe alipopona, Dilli aliweka nadhiri ya kupanda Kedarkantha, mlima wa Himalaya huko India, wakati wa theluji. Ni mwendo wa siku kadhaa, na waongoza njia hawapokei mtu mmoja. Hana mwingine wa kwenda naye.

"Mlima gani huo, Baba Neema?" akauliza Mama Shukuru, kiongozi wetu.

Nikajibu bila kufikiri kwamba ni mlima mtakatifu wa mungu wao.

"Wa mungu wao! Bon, wapendwa, tusimame."

Wakaniwekea mikono kichwani, wakamsihi Bwana aifunge njia hiyo, viza ninyimwe. Waliomba kwa machozi, wananipenda. Na kila walipotua niliitikia "Amina" kwa mazoea, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Njiani mke wangu alicheka. "Umejifungia njia mwenyewe, papa. Sasa utapitia wapi?"

Viza siamini kama nitapata hata bila maombi yao. Hati yangu ya mkimbizi... Na magoti. Milima yote niliyopanda kule kwetu Masisi, Kongo, nilikuwa nakimbia vita. Sijui mtu anapandaje kwa hiari.

Jioni Dilli alipiga simu kuuliza kama wameomba. Nikamwambia wameomba sana. Alishukuru mno, akasema kesho atatununulia viatu vya theluji, akaniuliza navaa namba ngapi.

Nikamtajia.